Daktari Aliyemkana Buibui

Watu wa Mfaranyaki walimwita Daktari wa Buibui, na jina hilo lilimkera kuliko tusi. Alilipata kwa kumkataa buibui, si kwa kutibu sumu yake. Kila aliyeingia chumbani kwake na kidonda, malengelenge au uvimbe, akasema ameng'atwa na buibui, aliulizwa kwanza, "Ulimwona?" Wengi hawakumwona. Walilala wazima wakaamka na alama, au jirani aliwatazama akatoa hukumu. Daktari aliwasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Basi tumwache buibui apumzike. Tukutazame wewe."

Nilifanya naye kazi miaka mingi, mimi nikiwa muuguzi wa wagonjwa wa nje katika hospitali moja hapa Songea. Sikuwahi kuwa rafiki yake. Sidhani kama pale kazini alikuwa na rafiki. Yeye aliniita sista, mimi nilimwita daktari, na hata siku tulipokutana sokoni tukichagua maharage kwenye fungu moja, hatukubadilisha.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sweta la kijivu alilolivaa Juni na Julai, baridi ya huku inapopenya mifupa, na miezi mingine vilevile. Kazini alikuja kwa miguu. Madereva wa bodaboda walimpigia honi, "Daktari, panda, leo bure!" Aliwajibu bila kusimama, "Wenzenu wanaotoa lifti nawahudumia wodini." Walicheka. Kesho yake walimwita tena.

Hakumpima mtu kabla ya kumsalimia. Mzee akiingia, hata akiwa anashikwa huku na huku, Daktari alisimama: "Shikamoo baba." Alisubiri. Mzee akishindwa kuitika, au akiitika kwa vipande vipande, Daktari alikwisha kupata nusu ya habari. Aliniambia mara moja kwamba marahaba ya mtu ina pumzi yake, sauti yake na akili yake, na kwamba hakuna mashine inayotoa vyote vitatu kwa wakati mmoja. Lakini madaktari vijana waliokuwa chini yake hawakupata upole huo. Kwao alikuwa mkavu, na daktari aliye mafunzoni akimletea mgonjwa kabla ya kumvua shati alifukuzwa mbele ya watu. Wawili watatu walilia kwenye korido. Sikumwona akiwaomba radhi.

Kuhusu buibui alikuwa na hadithi nyingi, na zote zilimhusu mgonjwa, si mdudu. Kuna bibi mmoja wa hapa mjini aliyeletwa na mjukuu wake akiwa na malengelenge kuanzia mgongoni, yakipita ubavuni hadi chini ya titi. Alikuwa na maumivu makali, hata kanga ikimgusa anaruka.

"Buibui amenikojolea," bibi akasema.

"Shikamoo bibi. Ulimwona?"

"Marahaba. Nani anamwona? Anapita usiku."

"Amekojoa upande mmoja tu?"

"Upande huu tu."

"Amefika katikati ya kifua akasimama, na huku mgongoni akasimama hapohapo kwenye uti?"

Bibi alijipapasa, akathibitisha. Daktari akamweleza kwamba ule ni mkanda wa jeshi, ugonjwa unaofuata mshipa mmoja wa fahamu, ndiyo maana hauvuki katikati ya mwili. Bibi alifikiri kidogo. "Basi," akasema, "afadhali. Maana nilishangaa mdudu mdogo vile ana mkojo mwingi hivi." Ni mara moja kati ya chache nilizomwona Daktari akicheka mpaka akavua miwani.

Siku nyingine haikuwa ya kucheka. Alikuja mchinjaji, mwanamume mwenye nguvu, mkono umevimba kuanzia kiganja hadi juu ya kiwiko. Kwenye mkono wa mbele alikuwa na kidonda cha mviringo, katikati cheusi kama kaa la moto lililozimika. Alikuwa ameshapewa mafuta ya kupaka na mtu wa duka la dawa, aliyemwambia ni sumu ya buibui na kwamba itakauka yenyewe.

"Panauma?" Daktari aliuliza.

"Hapaumi hata kidogo. Ndiyo maana sikuja mapema."

Daktari akabonyeza pembeni mwa ule weusi. Mchinjaji hakukunja uso.

"Ng'ombe wa mwisho uliyemchuna, alichinjwa au alikufa?"

Mchinjaji akatazama mlango. Mkewe, aliyekuwa amekaa nyuma yake, akajibu kwa niaba yake, "Alikufa, daktari. Alimkuta amekufa."

Ilikuwa kimeta, ugonjwa wa mifugo unaompata hata mtu. Alilazwa siku hiyohiyo, watu wa mifugo wakaarifiwa, na waliokula nyama ile wakatafutwa nyumba kwa nyumba. Mchinjaji alipona na kovu. Daktari alipomaliza kuandika, alisema maneno niliyoyasikia mara nyingi baadaye: kwamba ubaya wa buibui hauko kwenye meno yake. Ubaya wake ni kwamba akishatajwa, kila mtu anaacha kuuliza.

Hata hivyo yeye mwenyewe hakuwa na ugomvi na buibui. Kwenye dirisha la chumba chake kulikuwa na utando, na mama wa usafi alikatazwa kuugusa. "Huyo anakula mbu," Daktari alisema. "Wewe unamfagia mfanyakazi." Mama wa usafi alilalamika kwa katibu wa hospitali kwamba anaonekana mvivu kwa sababu ya utando usio wake. Na Daktari huyu aliyeshinda akiwaambia watu hawajang'atwa, kila akivua viatu vyake na kuvaa ndala za wodini, jioni alivishika visigino, akavikung'uta ukutani mara kadhaa, akatazama ndani, ndipo akavivaa. Nilimuuliza sababu. Akaniambia, "Kukataa kwamba mtu ameng'atwa si kukataa kwamba buibui wapo."

Kanisani aliimba kwaya, sauti ya pili. Aliondoka kabla ya matangazo kusomwa, kila Jumapili, kiasi kwamba padri aliwahi kuyasoma mapema ili amnase. Siku hiyo alisikiliza yote, akaenda kumwambia padri yalikuwa marefu.

Nilimfahamu kwa muda mrefu kabla sijajua kwa nini alimchukia mno buibui wa midomoni mwa watu. Nilidhani ni tabia tu. Aliyenieleza ni mgonjwa wake, mama wa Tunduru aliyefanya biashara ya korosho, aliyekuwa akipita Songea kila msimu na kumletea Daktari mfuko wa korosho za kukaanga. Alitembea akichechemea. Siku moja alipokuwa akimsubiri kwenye benchi, alinisimulia bila mimi kuuliza.

Zamani, Daktari alipokuwa bado mgeni kazini, mama huyu aling'atwa kwenye kidole cha mguu akiwa ghalani hapa Songea. Alimwona buibui. Alimpiga kwa kandambili, akamwona amesagika. Alipofika hospitali akasema yote hayo, na Daktari akafurahi kupata habari iliyo wazi hivyo. Akasafisha kidonda, akampa dawa ya maumivu na sindano ya pepopunda, akamruhusu aondoke. Kidonda hakikufunga. Kilizidi kupanuka, mguu ukawa mwekundu, homa ikapanda. Aliporudi alikuwa hajitambui vizuri. Ndipo wakampima sukari, wakakuta iko juu mno. Alikuwa na kisukari cha muda mrefu bila kujua. Kiu na kukojoa mara kwa mara alidhani ni joto la Tunduru. Kidole kilikatwa, na kingine pembeni yake.

"Buibui alikuwa wa kweli," mama wa Tunduru aliniambia. "Wallahi nilimuua kwa mkono wangu huu. Lakini haikuwa kazi yake peke yake."

Alinieleza pia kwamba baada ya kukatwa, Daktari alikuja kitandani kwake akakaa. Mama akajaribu kumtuliza. "Nikamwambia, daktari, usijitie unyonge, Mwenyezi Mungu ndiye aliyeandika. Unajua alinijibu nini? Akasema, 'Mama, Mungu hakuniandikia nisipime sukari. Hilo ni langu.' Nikamwona huyu si mtu wa kufarijiwa. Tangu hapo namletea korosho tu."

Daktari alipofika na kutukuta tumekaa pamoja, alitutazama sote wawili, akajua kilichozungumzwa. Alimsalimia mgeni wake, akamwambia avue kiatu, akaukagua mguu kidole kwa kidole pale pale kwenye benchi. Alifanya hivyo kila msimu. Korosho alizigawa kwa wauguzi. Sikumwona akila hata moja.

Kwa hiyo nilidhani nimemwelewa: ni mtu aliyefungwa na kosa moja, na hatamkubali buibui tena maishani. Nilikuwa sijamwelewa.

Ulikuwa msimu wa kuvuna mahindi. Asubuhi gari dogo la mizigo lilimleta mkulima mmoja kutoka kijiji cha nje ya mji, mwanamume wa makamo, mkewe akiwa amemshika kichwa. Kabla hawajafika mlangoni tulimsikia. Alikuwa akipiga kelele, ananyamaza, anapiga tena. Jasho lilimtoka kama aliyemwagiwa maji, na baridi ilikuwa kali kiasi kwamba sisi tulivaa makoti. Tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao. Presha ilikuwa juu sana, na hakuwa na historia ya presha.

Daktari wa upasuaji alikuja, akaligusa tumbo mara moja. Alikuwa mtu makini, mwenye mikono mizuri, na sina la kumlaumu. Mkulima alikuwa akinywa dawa za vidonda vya tumbo kwa muda mrefu. Tumbo gumu, ghafla, kwa mtu mwenye vidonda vya tumbo: utumbo umetoboka. Akaagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe. Picha ya eksirei haikuonyesha hewa iliyovuja tumboni, lakini alisema, na ni kweli, kwamba isipoonekana haimaanishi haipo. Mke alitia dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa.

Daktari alipita kwenda kwenye mgonjwa mwingine. Akasimama mlangoni, akamtazama mkulima kwa muda. Sikuona alichokiona yeye. Mimi niliona mtu mwenye maumivu.

"Amekuwa akijigeuza hivi tangu afike?" akaniuliza.

"Tangu afike. Tunashindwa kumweka dripu."

Akaingia. "Pole, baba. Habari za shambani?"

Mkulima akamtazama kama vile Daktari ndiye aliyepagawa. "Nakufa, daktari."

"Nasikia. Maumivu yalianzia wapi?"

"Mguuni. Pajani. Yakapanda kiunoni, yakaingia tumboni, sasa mgongo wote, misuli inajikunja."

Daktari wa upasuaji akageuka. Hakuna aliyekuwa amemuuliza yalianzia wapi, kwa sababu tumbo lilikuwa pale linaonekana.

Mke akadakia. "Alikuwa anakusanya mabua ya mahindi, akasema amechomwa na mwiba. Tulitafuta mwiba hatukuuona. Haikupita muda akaanza kulia."

Daktari akaomba suruali ivuliwe. Kwenye paja, upande wa nyuma, palikuwa na wekundu mdogo ambao mtu angeupita. Akautelezesha mgongo wa mkono wake juu yake, kisha kwenye paja la pili. Akanishika mkono nami nifanye hivyo. Mwili mzima ulikuwa umelowa, lakini pale palikuwa pamelowa zaidi, vinyweleo vimesimama, kama kwamba ngozi ile inatoa jasho lake yenyewe. Tezi za kinena cha upande ule zilimuuma alipoziminya.

"Baba, ulimwona mdudu yeyote?"

"Sikuona kitu."

Wote mle ndani tulilijua swali lile, na tulijua jibu hilo huishia wapi. Daktari wa upasuaji ndiye aliyelisema.

"Daktari, kwa sheria yako mwenyewe, huyu hakung'atwa."

"Ndiyo," alisema. "Kwa sheria yangu."

Akavuta stuli, akakaa. Akaeleza kwa sauti ya kawaida kwamba mtu aliyetoboka utumbo hulala kimya, kwa sababu kila akijitikisa maumivu yanazidi. Huyu hawezi kutulia hata kidogo. Tumbo ni gumu, lakini akilibonyeza na kuliachia, mgonjwa hashtuki zaidi. Maumivu yalitoka mguuni yakapanda. Kuna aina ya buibui, wadogo, tumbo la mviringo, wanaojificha kwenye kuni, vyooni na kwenye mabua. Kuumwa naye ni kama kuchomwa sindano, mara nyingi hata alama huioni, lakini sumu yake inashika mishipa ya fahamu na misuli yote inakaza. "Sijawahi kumwona mgonjwa wake kwa macho yangu," akamalizia. "Nimesoma tu."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea atakuwa amepoteza muda asioweza kuupoteza."

"Atakufa, daktari."

"Ndiyo. Na wewe ukikosea, umempasua mtu mwenye presha hii na misuli hii kwa ajili ya utumbo mzima."

Mke wa mkulima alikuwa akisikiliza, akiwatazama mmoja baada ya mwingine. "Mnabishana juu ya mume wangu," akasema. "Nani anajua?"

Daktari akamgeukia. "Hakuna anayejua, mama. Mimi naomba tumpe dawa ya maumivu yenye nguvu na ya kulegeza misuli, nikae naye hapahapa. Chumba cha upasuaji kibaki tayari. Tumbo likibadilika, ataingia."

Daktari wa upasuaji alikubali, lakini aliweka sharti: atakuja kulishika tumbo lile yeye mwenyewe kila baada ya muda mfupi, na akisema aingie, ataingia bila mjadala. Dawa ya kuua sumu ya buibui hatukuwa nayo. Tulimpa mofini, tukampa dawa ya misuli, sindano ya pepopunda, tukamfuta jasho.

Daktari hakutoka kwenye ile stuli. Wagonjwa wake wengine walipelekwa kwa mwenzake. Nilimletea chai ikapoa. Sijui aliwaza nini, lakini mkono wake ulikaa juu ya tumbo la mkulima, na kila daktari wa upasuaji alipoingia aliuondoa ili naye alishike. Mara mbili tumbo lilikaza zaidi, na mara ya pili niliona daktari wa upasuaji amefungua mdomo aseme. Daktari akasema, "Msikilize utumbo." Akasikiliza. Utumbo ulikuwa ukinguruma, unafanya kazi. Akafunga mdomo.

Mchana ulipogeuka jioni tumbo likaanza kulegea. Mkulima akalala, akaamka, akaomba uji. Mkewe alikaa sakafuni akalia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

Alikaa wodini siku chache, misuli ikimuuma, halafu akaruhusiwa. Kabla ya kuondoka, shemeji yake alileta chupa ya maji yenye buibui ndani, mweusi, tumbo kama punje ya njegere, aliyempata kwenye yale mabua. Madaktari walio mafunzoni walimzunguka, wakapiga picha kwa simu, wakamwita Daktari aje aone ushahidi wake. Alikuja. Aliigeuza chupa kwenye mwanga.

"Huyu ni buibui wa shamba lenu," akasema. "Kama ndiye, sijui."

"Lakini daktari, amepona kama ulivyosema!"

"Amepona. Nami nafurahi. Hayo ni mambo mawili." Akawarudishia chupa.

Wapo waliosema ni kiburi. Daktari wa upasuaji hakuwa mmoja wao. Tangu siku hiyo alikuwa akimpigia simu kabla ya kupasua tumbo lolote lililomtia shaka, na mara nyingi Daktari alimwambia pasua.

Alistaafu, akahamia nyumba yake ya Ruhuwiko. Hatukuandaa sherehe kubwa, kwa kuwa alikataa. Miaka ikapita nikimwona kanisani kwa mbali. Niliona amekonda, nikadhani ni uzee.

Halafu asubuhi moja, mwaka jana, nilikuwa napanga wagonjwa nikamkuta kwenye benchi katikati ya watu, kadi mkononi. Hakuwa amemwambia yeyote kuwa anakuja. Nilitaka kumpitisha mbele. "Sista," akasema, "huyu mama mwenye mtoto alifika kabla yangu." Akasubiri zamu yake. Vidole vyake vilikuwa vikitetemeka juu ya kadi, na mshipa wa shingo ulikuwa ukipiga haraka, mpaka mimi nikauona.

Daktari aliyekuwa zamu alikuwa kijana, amehamia kwetu karibuni, hakumjua. Nilimsindikiza ndani. Kijana akamsalimia vizuri, shikamoo mama, naye akaitika. Akaeleza: anakonda ingawa anakula, moyo unakwenda mbio, joto linamsumbua hata kwenye baridi hii, halali.

Kijana akaona kwenye kadi, mahali pa kazi, neno daktari mstaafu. Akainua uso, akaweka kalamu chini. "Kumbe mwenzetu! Basi mama, niambie wewe mwenyewe. Unadhani ni nini?"

Ilikuja kujulikana kuwa ni tezi ya shingo iliyokuwa ikifanya kazi kupita kiasi, na leo anatumia vidonge, amenenepa kidogo. Sina shaka alikuwa anajua tangu akiwa nyumbani. Lakini pale kitini alianza kufungua vifungo vya kola yake, polepole, kwa vile vidole visivyotulia.

"Ninacho ninachodhani, mwanangu," akasema. "Ila nikikutajia, utakitazama hicho. Nitazame mimi."